Sindano ya Kwanza Haikuwa Dawa

Ukisoma viapo vya waendesha baiskeli waliokiri kutumia dawa zilizokatazwa, jambo moja linajirudia mpaka linauma: wengi wao hawakuanza na dawa. Walianza na vitamini. Mtu amemaliza hatua, yaani sehemu ya siku moja ya mbio, ya kilomita 200, amelala hotelini miguu imekuwa kama magogo, mkandaji au daktari wa timu anaingia na sindano. Ni vitamini B, ni madini ya chuma, ni dripu ya sukari. Wanasema ni ya kurudisha nguvu. Wakati ule haikuwa imekatazwa. Kijana ananyoosha mkono. Kesho yake anaamka mwepesi kidogo, au anajiaminisha hivyo, na tangu hapo mkono umeshazoea kunyooshwa.

David Millar, Mwingereza, aliingia timu ya Kifaransa ya Cofidis mwaka 1997 akiwa na miaka 20, hataki kusikia habari za dawa. Kufikia 2001 alikuwa anatumia EPO, homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Mwaka 2003 akawa bingwa wa dunia wa mbio za kushindana na saa. Juni 2004 polisi wakamkamata Biarritz akiwa mezani mgahawani, na walipopekua nyumba yake wakakuta sindano mbili zilizokwishatumika. Akapokonywa taji, akafungiwa miaka 2. Aliporudi barabarani alieleza wazi jinsi mtu asiyetaka anavyofika pale, na maelezo yake yanafanana na ya wenzake kwa namna ya kutisha. Ukitafuta siku moja ambayo mtu alikaa akaamua kudanganya huioni. Unachokiona ni msururu wa siku ambazo hakuuliza.

Naandika haya kwa vijana wanaoingia kwenye timu, na kwa wazazi wanaowaaga wakidhani hatari kubwa inayowasubiri ni kuanguka kwenye mteremko. Udanganyifu huja kabla ya dawa. Unazoea sindano, unazoea kutouliza, unazoea siri ndogo ndogo, na siku unayoletewa dawa yenyewe hakuna kipya ila jina la kwenye chupa.

Kwa hiyo nianze na sindano. Tangu 2011 Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Baiskeli, UCI, limekataza waendeshaji kuchomwa sindano zisizo na sababu ya kitabibu. Juu ya hapo, kanuni za WADA, wakala wa dunia wa kupambana na dawa michezoni, zinakataza kuingiza kwenye mshipa zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12, isipokuwa katika matibabu ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Maana yake chupa ya kawaida ya dripu, ile ya mililita 500, ni kosa hata kama ndani kuna maji na chumvi tu. Mtu akikuletea dripu chumbani, huhitaji kujua kilichomo ili ukatae. Uliza inaitwaje, nani ameiandika, na kwa nini usinywe badala ya kuchomwa. Ukijibiwa kwamba wenzako wote wanatumia, umeshapata jibu.

Dawa kwenye mchezo huu ni za zamani. Tom Simpson alikufa kwenye mlima Mont Ventoux tarehe 13 Julai 1967, katikati ya Tour de France, mbio kubwa za wiki tatu za Ufaransa, na kwenye mifuko ya jezi yake vikakutwa vikopo vya amfetamini. Amfetamini inaficha uchovu: mwili unaomba kupumzika, ubongo hausikii, na kwenye joto kali mtu anaendelea kukanyaga mpaka moyo unashindwa. EPO ilikuja na jambo lingine kabisa. Hii ni homoni ambayo figo hutengeneza kuuagiza uboho uzalishe chembe nyekundu za damu, zinazobeba oksijeni. Ile ya maabara iliidhinishwa Marekani mwaka 1989 kwa wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu. Kwa mwendeshaji mzima, haikuficha uchovu. Ilibadilisha injini yenyewe.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipiga marufuku mwaka 1990. Kipimo cha kuigundua kwenye mkojo kilipatikana mwaka 2000. Kwa miaka 10 sheria ilikuwepo na kipimo hakipo, na kila aliyekuwa kwenye kundi la waendeshaji aliona watu waliokuwa wakiachwa mlimani mwaka jana sasa wanapanda midomo imefumba. Aliyekuwa safi alikuwa na mambo matatu ya kuchagua: kubaki nyuma, kuacha kazi, au kuuliza kwa sauti ya chini wenzake wanapata wapi.

Januari 1997 UCI ikaweka kikomo cha hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Mwanamume wa kawaida yuko kati ya asilimia 40 na 50. Kikomo kikawa 50 kwa wanaume na 47 kwa wanawake, na aliyezidi alisimamishwa kwa siku 15 kwa sababu za kiafya. Nia ilikuwa njema, kwa sababu damu nzito inauelemea moyo na kuganda kwa urahisi, hasa mwili ukikaukiwa maji. Lakini angalia kilichotokea. Mtu mwenye 42 kwa asili yake sasa alikuwa ameonyeshwa anapoweza kufika bila kuguswa. Kikomo kikageuka kuwa shabaha. Timu zikawa zinasafiri na mashine ndogo za kuzungusha damu, mwendeshaji anachomwa kidoleni chumbani, tone linazungushwa, namba inasomwa: 49.2, lala. Ikisoma 51, wanamwekea dripu ya maji ya chumvi kuizimua damu kabla wapimaji hawajapanda ngazi. Katika mashindano ya dunia ya 1998 kule Valkenburg, Uholanzi, daktari wa timu ya Lance Armstrong, Mmarekani ambaye baadaye angeshinda Tour mara 7 na kufutiwa zote, aliwapita wapimaji wa UCI akiwa ameficha lita nzima ya maji ya chumvi chini ya koti la mvua. Hayo yamo kwenye ushahidi uliokusanywa na USADA, wakala wa Marekani wa kupambana na dawa michezoni.

Ndiyo maana kupita kipimo hakujawahi kuwa ushahidi wa usafi. Somo hilo lilichukua miaka mingi kueleweka, na wengi hawajalielewa hadi leo.

Mwaka 1998 pazia lilifunguka kidogo. Tarehe 8 Julai, siku tatu kabla Tour haijaanzia Dublin, mkandaji wa timu ya Festina, Willy Voet, alisimamishwa na forodha kwenye mpaka wa Ubelgiji na Ufaransa. Gari lilikuwa limejaa EPO, homoni ya ukuaji, testosteroni na amfetamini. Mkurugenzi wa timu, Bruno Roussel, akaishia kukiri kwamba kulikuwa na mpango wa dawa unaosimamiwa na daktari, eti ili waendeshaji wasijitafutie wenyewe vichochoroni. Waendeshaji walichangia mfuko wa kununulia dawa kutoka kwenye fedha za ushindi.

Hilo neno kusimamiwa lina sumu kubwa kuliko kilichokuwa kwenye gari. Linamfanya kijana aone dawa kama matunzo. Daktari yupo, jedwali lipo, friji ipo, kila mtu ana upole. Nyota wao Richard Virenque alilia mbele ya kamera akikana, na akaendelea kukana mpaka Oktoba 2000, alipokiri mahakamani mjini Lille. Miaka 2 na zaidi ya kukana kitu ambacho wenzake wa timu moja walikuwa wameshakisema.

Katika timu hiyohiyo alikuwepo Christophe Bassons, ambaye wenzake waliwaambia wapelelezi kwamba hakuwa anatumia. Mwaka uliofuata, kwenye Tour iliyonadiwa kuwa ya mwanzo mpya, aliandika gazetini kwamba mwendo wa kundi ulikuwa unamtia shaka. Kwenye hatua ya kwenda Alpe d'Huez, Armstrong, akiwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza mbio, alimsogelea barabarani akamwambia anauharibia mchezo na ni bora aende kwao. Wenzake wa timu yake mpya hawakumtetea. Siku chache hazikupita Bassons akafungasha akaondoka kwenye mbio, na mwaka 2001 akaacha kabisa. Mtu akisema usafi ulikuwa hauwezekani, nadhani anakosea. Uliwezekana, ila uliadhibiwa, na waliouadhibu walikuwa waendeshaji wenzake, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tour hiyohiyo ya 1999 mkojo wa Armstrong ulikutwa na kotisoni, dawa ya kupunguza uvimbe. Cheti cha daktari kikatokea, kikiwa kimerudishwa tarehe nyuma, kikisema ni krimu ya vidonda vya tandiko. Emma O'Reilly, aliyekuwa mkandaji wake, alisema hadharani jinsi cheti hicho kilivyobuniwa. Akaitwa majina machafu na kuburutwa kwenye kesi.

Kipimo cha EPO kilipofika mwaka 2000, wadanganyifu walirudi kwenye njia ambayo kipimo hicho hakiioni: damu yao wenyewe. Unatolewa takriban nusu lita, inahifadhiwa kwenye ubaridi, mwili unairudishia nafasi yake, kisha mfuko unarudishwa wakati wa mbio. Tyler Hamilton, mwenzake Armstrong wa timu, aliapa kwamba Juni 2000 walisafirishwa hadi Valencia, Hispania, yeye, Armstrong na Kevin Livingston, wakatolewa damu. Mwezi uliofuata, kabla ya hatua ya Mont Ventoux, walirudishiwa damu hiyo hotelini. Mifuko ilining'inizwa kwenye misumari ya picha ukutani au kubandikwa kwa utepe, nao wamelala kitandani wanatetemeka, kwa sababu damu iliyotoka kwenye friji inaingia mwilini ikiwa baridi.

Tafakari chumba hicho kidogo. Picha imeshushwa ukutani. Kwenye msumari wake kuna mfuko mwekundu. Mlangoni kuna mtu analinda. Kabla ya kufika hapo ametakiwa daktari wa kutoa, mtu wa kuhifadhi, mtu wa kusafirisha, mtu wa kutupa mifuko mitupu, na fedha taslimu kwa kila mmoja. Mwaka 2004, Floyd Landis, mwingine wa timu hiyo, alieleza, basi la timu lilisimama kwenye barabara ya mlimani dereva akijifanya injini imeharibika, na ndani waendeshaji wakawa wanaongezewa damu. Kila mtu wa ziada kwenye mnyororo huo ni mtu anayeweza kusema, na kila anayeweza kusema lazima atishwe au alipwe.

Mnyororo ulikatika Mei 2006 mjini Madrid, polisi walipoingia kwa daktari Eufemiano Fuentes na kukuta mifuko ya damu yenye namba na majina ya siri. Mwendeshaji Mwitaliano Ivan Basso alihusishwa na jina la Birillo, jina la mbwa wake. Yeye na Mjerumani Jan Ullrich wakaondolewa kwenye Tour kabla haijaanza, na mwaka uliofuata vinasaba vya Ullrich vikalingana na vya mifuko.

Afya niiseme bila kuzunguka, maana vijana huambiwa damu yako mwenyewe haiwezi kukudhuru. Damu iliyotolewa ni kitu kinachooza. Hospitali huihifadhi kwenye nyuzi joto zisizobadilika, kati ya 1 na 6 za selsiasi, na hata hapo ina wiki chache tu. Friji ya nyumbani hufunguliwa, umeme hukatika, joto hupanda na kushuka, bakteria huzaliana. Februari 2011 mwendeshaji Riccardo Riccò alikimbizwa hospitali nchini Italia akiwa mahututi, na ikaripotiwa kuwa alimwambia daktari amejiongezea damu aliyokuwa ameihifadhi mwenyewe kwenye friji kwa siku 25. Alinusurika, akafungiwa miaka 12. Mfuko ukibadilishana na wa mwingine ni balaa jingine. Hamilton alikutwa kwenye mbio za Hispania za 2004 na chembe za damu ya mtu mwingine mwilini.

Gharama ya uongo ndiyo watu wanaipima vibaya zaidi. Wanahesabu miaka ya kufungiwa. Landis alishinda Tour ya 2006, kisha testosteroni ikakutwa kwenye sampuli ya hatua ya 17, ile ya kwenda Morzine. Uwiano wake na epitestosteroni, homoni pacha yake, ulikuwa 11 kwa 1 wakati kikomo ni 4 kwa 1. Alikana kwa karibu miaka 4. Mashabiki wakachanga fedha za kumtetea. Alipokiri mwaka 2010 kwamba alikuwa ametumia dawa kwa miaka, wale waliomchangia walikuwa wametapeliwa, na mwaka 2012 alikubali kuwarudishia takriban dola 478,000. Armstrong aliishtaki au kuitisha karibu kila sauti iliyomsema. Mwendeshaji Filippo Simeoni, aliyetoa ushahidi nchini Italia dhidi ya Michele Ferrari, daktari aliyemshauri pia Armstrong, alikimbizwa na Armstrong mwenyewe kwenye hatua ya 18 ya Tour ya 2004 ili asipate hata nafasi ya kushinda siku moja. Kisha Armstrong akafanya ishara ya kufunga zipu mdomoni mbele ya kamera. Oktoba 2012 USADA ikatoa ushahidi wa watu 26, wakiwemo wenzake 11 wa timu. Mataji 7, kuanzia 1999 hadi 2005, yakafutwa. Mwaka 2018 akakubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 5. Wenzake kadhaa waliokaa na wapelelezi wakasema kweli walifungiwa miezi 6. Yeye aliyekataa alifungiwa maisha.

Na wako wasiolipa kwa fedha. Mwitaliano Marco Pantani aliondolewa kwenye Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, tarehe 5 Juni 1999 kule Madonna di Campiglio, damu yake ikisoma 52, akiwa anaongoza mbio na zimebaki siku mbili. Hakurudi kuwa yule wa zamani. Alikutwa amekufa hotelini Rimini tarehe 14 Februari 2004, peke yake, kwa kokeini. Ana miaka 34.

Sasa mambo ya kufanya, kwa anayeingia kwenye mchezo leo.

Tangu 2008 UCI inatumia pasipoti ya kibiolojia. Haitafuti dawa, inafuatilia damu yako kwa miaka na kukulinganisha na wewe mwenyewe. Inaangalia hasa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, na retikulosaiti, chembe nyekundu changa zilizotoka tu kwenye uboho. Ukitumia EPO, changa zinaongezeka. Ukijiongezea damu, uboho unaona kuna ya kutosha na kupunguza kazi, changa zinashuka huku hemoglobini iko juu. Pia katika mbio za wiki tatu maji ya damu huongezeka, hivyo hemoglobini ya mtu wa kawaida hushuka kidogo kidogo. Ikibaki palepale wiki ya tatu, wataalamu wanasimama kuangalia. Kwa aliye safi hili lina kazi moja ya lazima: sema kila kitu kinachogusa damu yako. Umekaa kambi ya mlimani, umeugua, umetoka damu nyingi, umeongezewa damu hospitalini baada ya ajali, yote yaandikwe kwenye fomu siku ya kupimwa. Kuyakumbuka miaka miwili baadaye mbele ya jopo ni kazi ngumu mno.

Halafu kuna taarifa za mahali ulipo. Ukiwekwa kwenye orodha ya wanaopimwa nje ya mashindano, unajaza kwenye mfumo wa WADA, kila robo mwaka, unapolala na unapofanyia mazoezi, pamoja na dakika 60 za kila siku, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku, ambazo lazima ukutwe. Kukosekana au kujaza vibaya mara 3 ndani ya miezi 12 ni kosa linaloweza kukufungia miaka 2, hata kama hujawahi kugusa dawa. Chagua saa ambayo bado umelala. Hakikisha kengele ya mlango inalia na wewe unaisikia. "Nilikuwa ndani, sikusikia" haikubaliki. Hotelini andika namba ya chumba na jina lililoandikishwa mapokezi, kwa sababu timu huandikisha vyumba kwa jina la meneja na afisa anaambiwa hakuna mtu kama huyo. Ndege ikiahirishwa, badilisha kwenye simu kabla hujaingia kwenye foleni nyingine. Usitegemee kupigiwa simu, afisa halazimiki.

Mwendeshaji Michael Rasmussen alionyesha upande wa pili. Mwaka 2007 alisema yuko Meksiko huku yuko Italia akiwakwepa wapimaji. Mtangazaji mmoja, aliyewahi kuwa mwendeshaji, akamsifu kwenye televisheni kwamba alimwona akifanya mazoezi kwenye mvua milimani Italia. Sifa ile ndiyo iliyomwangusha: timu yake ikamtoa kwenye Tour akiwa na jezi ya njano, usiku wa siku aliyoshinda hatua.

Kuhusu dawa za kawaida, kanuni ni kwamba kilichomo mwilini mwako ni chako, kiwe kimeingia kwa makusudi au la. Dawa ya mafua yenye pseudoefedrini ina kikomo siku ya mbio. Sindano yoyote ya kotisoni imekatazwa wakati wa mashindano tangu 2022. Tramadoli, ile ya maumivu, UCI iliikataza mwaka 2019, na Nairo Quintana alifutiwa nafasi ya 6 ya Tour ya 2022 kwa sababu yake. Pampu ya pumu ya salbutamoli ina kiwango: mikrogramu 1600 kwa saa 24, na zisizidi 600 ndani ya saa 8. Ukihitaji dawa iliyokatazwa kwa ugonjwa wa kweli, omba kibali cha matibabu kabla ya kuitumia, na utunze vipimo vya daktari. Kibali kinachoombwa baada ya mkojo kuonyesha dawa kinaanza safari yake kikiwa kimeshatiliwa shaka, na hilo ni deni tulilorithi kwa akina krimu ya tandiko.

Virutubisho ndiyo mtego wa walio safi. Alberto Contador alikutwa mwaka 2010 na klenbuteroli, dawa ya pumu inayotumiwa pia kujenga misuli, pikogramu 50 kwa mililita, kiasi kidogo mno. Alisema ilitoka kwenye nyama aliyokula. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo haikushawishika. Iliona kirutubisho kilichochafuliwa kinawezekana zaidi, na kwa kuwa hakuthibitisha chanzo, akapoteza taji la Tour ya mwaka huo na kufungiwa miaka 2. Kwa hiyo tumia vichache, na vile tu vilivyopimwa na maabara huru kwa kila toleo. Piga picha ya namba ya toleo. Usimalize kopo lote. Bakisha kidogo mpaka msimu uishe. Usinywe kutoka kwenye chupa ambayo hukuijaza au hukuona ikijazwa.

Baiskeli nayo inadanganya. Januari 2016 huko Heusden-Zolder, Ubelgiji, kwenye baiskeli iliyoandaliwa kwa ajili ya Femke Van den Driessche, mwenye miaka 19, ilikutwa mota imefichwa ndani ya bomba la kiti, ikiwa na swichi chini ya mkanda wa usukani. Alifungiwa miaka 6 na kutozwa faranga 20,000 za Uswisi. Alisema ni baiskeli ya rafiki. Kwa sheria ilitosha kwamba ilikuwa kwenye sehemu ya timu siku ya mbio, kwa hiyo ujue kila baiskeli iliyoegeshwa kwa jina lako.

Usiambiwe kwamba hayo yote yamepita. Mwaka 2019 polisi wa Austria na Ujerumani walivunja mtandao wa damu wa daktari wa Erfurt, na waendesha baiskeli wawili wa Austria wakakiri. Mwaka 2022 timu ya Ureno ya W52-FC Porto ilisambaratika baada ya polisi kuingia. Februari 2025 UCI ilikataza waendeshaji kuvuta hewa ya kaboni monoksaidi mara kwa mara, gesi ileile inayoua watu kwenye vyumba vyenye jiko la mkaa. Mtu akikushawishi kwenye timu, andika tarehe, jina na maneno aliyosema usiku uleule, mpe mtu nje ya timu nakala, kisha ripoti kwa wakala wa nchi yako au kupitia mfumo wa WADA wa kupokea taarifa kwa siri. Na kama umeshateleza, kukiri na kukubali adhabu ndani ya siku 20 tangu upokee mashtaka kunapunguza mwaka mmoja kwenye adhabu ya kufungiwa miaka 4. Sampuli zinaweza kutunzwa na kupimwa upya hadi miaka 10, kwa hiyo kungoja isahaulike hakusaidii.

Siku wakigonga mlango alfajiri, omba kitambulisho cha afisa, kisha usiondoke machoni pake. Chagua mwenyewe kikombe na kisanduku cha chupa, kagua kama vimefungwa. Atasimama aone mkojo unavyotoka, shati limepandishwa na suruali imeshushwa. Inafedhehesha, na kwa msichana wa miaka 18 ni mzigo mzito. Sababu yake ina sura: Julai 1978 Michel Pollentier alishinda Alpe d'Huez, akavaa jezi ya njano, akaenda kupimwa akiwa na kifuko cha mpira kwapani na mrija ulioteremka chini ya nguo, ndani mna mkojo usio wake.

Inatakiwa mililita 90. Mimina mwenyewe, kwanza 30 kwenye chupa B, kisha 60 kwenye A, bakisha matone ya kupima uzito wa mkojo. Funga vifuniko wewe, si afisa. Soma namba kwa sauti: ya chupa, ya kifuniko, ya kwenye fomu. Kwenye fomu kuna sehemu ya dawa na virutubisho vya siku 7 zilizopita. Andika hata kidonge cha kichwa, hata kahawa ya kopo. Kama kuna jambo halikwenda sawa, liandike kwenye sehemu ya maoni kabla ya kutia sahihi. Chukua nakala yako, ipige picha ukiwa bado mlangoni.